Lita saba kwa kichwa: tunavyojipanga kulala juu ya Hanang

Kila ninayemwambia kwamba Sabasaba hii tunakwenda kulala juu ya Mlima Hanang huniuliza habari za baridi, au fisi, au kama mtandao wa simu unashika kule. Hakuna hata mmoja aliyeuliza tutakunywa nini. Na hilo ndilo swali lenyewe, maana njia tutakayopanda si ya kutegemea kijito wala kisima. Maji utakayokunywa juu ni yale uliyopanda nayo.

Mimi ni fundi bomba hapa Dodoma. Kutwa nzima nashughulika na matenki, koki, mita na watu wanaolalamika kwamba presha ni ndogo. Mji huu kwa sehemu kubwa unakunywa maji ya visima vya Mzakwe, na mtaani kwetu mwenye nyumba anayejipenda ana simtanki juu ya mnara, kwa sababu mgao hauna adabu. Kwa hiyo nikiambiwa nipange safari, akili yangu inakwenda kwenye lita kabla haijafika kwenye nauli. Shemeji yangu ananicheka. Yeye ni mhasibu wizarani, kule Mtumba, na safari kwake ni jedwali la kompyuta lenye safu za shilingi. Nimemwambia aongeze safu ya maji. Ameiongeza shingo upande.

Tuko wanne. Mimi, shemeji, mpwa wangu wa miaka 19 anayeendesha bodaboda na anayeamini kwamba kuendesha pikipiki ni mazoezi, na jirani yetu Mwalimu, mama wa watoto wawili anayefundisha jiografia sekondari. Kati yetu wote huyo ndiye mwenye miguu. Yeye ndiye aliyeanzisha jambo hili. Miaka nenda rudi anawachorea wanafunzi ubaoni Bonde la Ufa na maziwa yake ya chumvi, na amechoka kuchora. Anataka kuliona Ziwa Balangida kutoka juu, likiwa limelala chini ya mlima upande wa kaskazini, na akiweza aone na Basotu upande wa magharibi, ziwa la maji baridi lililokaa kwenye shimo la volkano, lenye viboko. Milima inayotazama maziwa namna hiyo si mingi huku kwetu kati.

Wengi Dodoma wakisikia mlima wanawaza Kilimanjaro, na wakiwaza Kilimanjaro wanawaza dola. Hanang unapitwa tu na mabasi ya Singida na Arusha. Ni volkano iliyolala, ina urefu wa mita 3,417, na kwa urefu hapa nchini umetanguliwa na Kilimanjaro, Meru na Loolmalasin tu. Umesimama peke yake katika uwanda, hauna ndugu wa kuegemea, ndiyo maana ukiuona kwa mbali unaonekana mkubwa kuliko namba zake. Kutoka Katesh, mji ulio chini ya mlima, hadi kileleni unapanda zaidi ya mita 1,500. Wapo wanaokwenda na kurudi siku hiyo hiyo, saa kumi au kumi na mbili za kutembea, wakarudi hawana magoti. Sisi tutalala.

Kupata tarehe kulitushinda kuliko mlima. Kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Juni, Bunge la bajeti linakaa, mji unajaa, nyumba za wageni zinajaa, na wageni wakijaa mabomba yanapasuka. Hiyo ndiyo miezi yangu ya kula. Shemeji naye mwisho wa Juni anafunga hesabu za mwaka wa serikali, siku hizo hata simu yake hapokei vizuri. Mwalimu yuko likizo Juni, lakini mapema Julai shule zinafunguliwa. Agosti kuna Nanenane, na viwanja viko hapa hapa Nzuguni, mpwa wangu hawezi kuacha abiria wa siku zile kwa ajili ya jiwe lolote duniani. Tukabaki na Sabasaba: ni sikukuu, hesabu zimefungwa, wabunge wamerudi majimboni, na Mwalimu akiomba ruhusa ya siku moja au mbili atapewa. Kasoro yake ni moja: Julai ndio mwezi wa baridi kali. Uzuri wake ni kwamba mvua zimekwisha, udongo umekauka, na hewa asubuhi inakuwa safi kabla vumbi la kiangazi halijatanda.

Habari ya udongo siipiti hivi hivi. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima huu ilimeguka, na tope likashuka na mawe na magogo mpaka Katesh na vijiji vya pembeni. Watu zaidi ya 80 walikufa. Serikali ilieleza kwamba miamba laini ya mlima ilinyonya maji mpaka ikashindwa kujishikilia. Njia tutakayopanda inaanzia upande wa Jorodom, na Jorodom ni moja ya maeneo yaliyopitiwa na tope lile. Tutapita kwenye makazi ya watu waliozika ndugu zao. Nimemwambia mpwa wangu, na namwandikia hapa aone tena: hakuna kupiga picha za kuchekacheka kwenye makorongo yale, na ukisalimia, simama usalimie sawasawa. Na anayenishawishi nipande Machi ati kwa sababu mlima unakuwa wa kijani, jibu langu analo.

Mimi mwenyewe ni mtu wa Kondoa. Nimekulia kwenye ardhi iliyoliwa na maji. Wazee wetu walihamishiwa mifugo yao mbali mwaka 1979 chini ya mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ili vilima vipumue, na kelele zilizopigwa wakati ule bado zinasimuliwa vijiweni. Leo ukipita unaona miti na nyasi mahali ambapo palikuwa na makorongo matupu mekundu. Kwa hiyo mlima ukimeguka siuoni kama muujiza. Maji yakikosa pa kwenda yanajitengenezea njia, hiyo ndiyo kazi ninayolipwa kuizuia kila siku kwa kiwango kidogo.

Nina binamu yuko Marekani, jimbo la Washington, karibu na Seattle. Tukiwa tunazungumza habari za safari hii aliniambia kwamba wao wakati kama wa Mei, majira ya kuchipua, hupanda kulala kwenye maziwa ya juu katika milima ya Cascade, wakati huku chini maua yameshatoka lakini kule juu theluji bado ni kimo cha mtu. Wanavaa viatu vipana vya theluji, vinavyofungwa chini ya buti, ili uzito wa mtu utawanyike asizame. Nikamuuliza swali langu lile lile: maji? Akacheka. Maji wanayakanyaga. Lakini ili uyanywe lazima uyayeyushe, na theluji inakula mafuta ya jiko kuliko unavyodhani. Na ukiijaza kwenye sufuria kavu inaunguza sufuria, unatakiwa kutanguliza maji kidogo chini. Kwa hiyo wenzetu wanabeba mafuta ili wapate maji, sisi tunabeba maji yenyewe. Lingine alilonieleza nimelichukua kama lilivyo: wanaondoka usiku wa manane au alfajiri, kwa sababu theluji iliyoganda usiku inabeba mtu, jua likiipiga mpaka adhuhuri inalegea, miguu inazama, na kwenye miteremko mikali inaweza kuporomoka. Hawapigi hema chini ya mteremko wala juu ya barafu ya ziwa, kwa kuwa majira yale barafu inakonda. Sisi hatuna theluji, lakini tuna jua la upande ule mkavu wa mlima na mawingu yanayofunga kilele kadiri mchana unavyopanda. Saa kumi na moja alfajiri tutakuwa tumeshafunga kamba za viatu. Shemeji amepinga. Ameshindwa kwa kura.

Sasa hesabu. Mtu mzima anayepanda mlima na mzigo, nimempangia lita tatu za kunywa siku ya kwanza na tatu siku ya pili. Lita moja ni ya chai, uji na kupikia usiku. Jumla saba. Mwanzoni niliposema saba, shemeji akazidisha kwa nne, akaandika 28, akanisomea kwa furaha. Nikamuuliza mwongoza njia anakunywa nini. Akaandika 35. Nikamuuliza wapagazi wawili watakaobeba mahema wao wanakunywa nini. Akaniangalia. Watu wengi wanaposhindwa ni hapo: wanaohesabiwa ni wasafiri, wanaosahaulika ni wenyeji, halafu mlimani mtu anaona aibu kumnyima maji mwenzake aliyembebea hema, na hesabu inavurugika mchana wa siku ya kwanza. Tuko saba. Saba mara saba ni 49, na kila lita ina kilo yake, maji hayajui kupungua uzito kwa sababu ya urafiki.

Tena kuna mzunguko mbaya humo: ukiongeza mpagazi wa kubeba maji, naye ana lita zake saba. Kwa hiyo hatuongezi mtu, tunagawana. Kule Kilimanjaro kuna kanuni kwamba mpagazi asibebe zaidi ya kilo 20, na sioni kwa nini mgongo wa Katesh uheshimiwe kidogo kuliko wa Moshi. Nimekataa dumu la lita 20. Dumu likibebwa begani linamchoma mtu mfupa, linamyumbisha kwenye mawe, na mfuniko ukilegea umepoteza karibu nusu ya maji ya kambi kwa mpigo. Tutatumia chupa za lita moja na nusu zilizokwishatumika, zile ngumu, ambazo mama ntilie wa hapa kwenye kona ananikusanyia. Zinahitajika 33. Sisi wanne na mwongoza njia kila mmoja anabeba tatu, hizo ni 15. Zinabaki 18, tisa kwa kila mpagazi, kilo 13 na nusu, halafu hema jepesi juu yake. Vyakula, blanketi na masufuria tunabeba wenyewe. Mpwa wangu ameuliza kama naye ni mpagazi. Nimemwambia yeye ni mpwa ninayemheshimu sana, kwa hiyo abebe tu.

Chupa saba hazifiki juu. Tukifika kama katikati ya mteremko, mwongoza njia atatuonyesha jiwe au kichaka cha kukumbukika, tutazificha kivulini mahali ambapo nyani hawatazikuta kirahisi, moja kwa kila mtu, ziwe zinatusubiri tukishuka. Njia ya kurudi ni ile ile, sasa kwa nini nipande na maji ya kushukia? Na asubuhi ya kuondoka, Katesh, kila mtu atakunywa taratibu mpaka aseme basi, kabla ya kupanda. Hayo ni maji ambayo hayabebwi begani.

Mimi na Mwalimu tuna jambo letu la pembeni. Nusu lita ya udhu niliiweka kwenye hesabu ya kwanza, nikaifuta. Maji yakiwa machache kiasi cha kuhofia kiu, sheria ya dini imetupa tayamamu, kujitwaharisha kwa udongo safi badala ya maji, na udongo juu ya Hanang haulipiwi bili. Shemeji, ambaye ni Mkristo, akauliza kama tayamamu inafaa pia kwa kupiga mswaki.

Baridi nayo ina hesabu, ingawa ya Mwalimu. Ukipanda mita 1,000, joto linashuka kama nyuzi sita na nusu. Dodoma iko mita 1,100 na kidogo, na Julai alfajiri hapa mjini tunashika nyuzi 13 au 14, watu wamevaa makoti utadhani tuko Makete. Tukilala karibu na mita 3,000, ondoa nyuzi kama 12. Unabaki na nyuzi moja au mbili, na upepo wa kwenye mgongo wa mlima hujauhesabu. Hapo ndipo mitumba inapotufaa. Kila bela la makoti linalofunguliwa sokoni linakuja na jaketi nene za theluji, zimejazwa manyoya au sponji, na katika mji wa jua kama huu hakuna anayezigombea. Zinaning'inia mpaka zinapauka. Mwalimu ameipata ya kwake kwenye mnada wa Msalato Jumamosi, katikati ya mbuzi na nyama choma, kwa bei ya kilo ya nyama, na ina kofia yenye manyoya pembeni. Mpwa wangu ana koti la bodaboda, hilo linazuia upepo vizuri kuliko vyote.

Ambacho watu hawakipi uzito ni baridi ya chini. Blanketi unaweza kujifunika matatu, kama umelala juu ya udongo mtupu utatetemeka tu, kwa sababu ardhi inakunyonya joto mgongoni ambako blanketi limebanwa. Nimeomba maboksi makubwa dukani, yale ya majokofu, tutayakunja na kuyafunga nje ya begi. Tabaka mbili za boksi, mkeka wa plastiki juu, kisha kipande cha sponji kuanzia bega hadi nyonga. Miguu itajua yenyewe na soksi zake. Mahema mawili tunaazima kwa rafiki anayepeleka watalii, tumeshayakagua zipu na kamba.

Kuhusu chakula tumebishana kidogo tu. Shemeji alitaka maharage. Juu kule maji yanachemka kwenye nyuzi 90 hivi, yanatoa mapovu na mvuke na kila mbwembwe, lakini moto wa kuivisha maharage hayana. Utamaliza mafuta na maji, maharage yabaki mawe. Wali unaiva kwa taabu na unakula maji. Kwa hiyo tunapanda na chapati, nyama ya mbuzi iliyokaushwa vizuri, mayai ya kuchemsha kwa siku ya kwanza, karanga, na zabibu kavu za hapa hapa Dodoma, ambazo kwa mtu anayepanda mlima naziamini kuliko biskuti yoyote. Unga wa uji wa ulezi utachanganywa na sukari na maziwa ya unga huku nyumbani, juu ni kuongeza maji ya moto tu. Chupa mbili za chai zitajazwa usiku kabla ya kulala, ili alfajiri mtu anywe cha moto bila kuwasha kitu gizani.

Kuni hatuwashi. Mlima ni hifadhi ya mazingira asilia, na nyasi za Julai zimekauka kiasi kwamba cheche moja inatosha kuwaingiza wenyeji kwenye hasara ya miaka. Mtungi wa gesi wa kilo sita nao nimeukataa, chuma chake peke yake kina uzito kama wa gesi iliyomo. Nimetengeneza majiko mawili ya spiriti kwa makopo ya soda, yale ya kutoboa matundu pembeni, na kikinga upepo cha bati. Nimeyajaribu uani, sufuria ya lita moja inachemka kabla sijamaliza kusikiliza taarifa ya habari. Shemeji amesema yanafanana na kitu ambacho polisi wangependa kukiona.

Njia za kufika Katesh ziko mbili na umbali wake unakaribiana: kupitia Singida au kupitia Kondoa na Babati. Shemeji anataka Singida, kwa ajili ya kuku. Mimi nataka Kondoa, kwa ajili ya mama. Tumekubaliana kwenda kwa mama na kurudi kwa kuku. Barabara ya Dodoma hadi Babati ni kilometa 251 za lami, ilifunguliwa rasmi mwaka 2018, na wenye umri wangu hatujaizoea mpaka leo. Tulikuwa tunakwenda nyumbani na kitambaa puani, kiangazi ni vumbi, masika ni kusukuma basi. Siku hizi unapanda basi asubuhi stendi ya Nanenane, unapita Kolo palipo na barabara ya kwendea michoro ya mapangoni ambayo UNESCO imeiandika kwenye urithi wa dunia tangu 2006, na ukisinzia kidogo umefika Babati. Hapo tunabadilisha gari, tunakamata la kuelekea Singida, tunashuka Katesh kabla ya magharibi. Usiku wa kwanza ni wa kulala Katesh, na si kwa uvivu. Mtu akitoka Dodoma moja kwa moja akalala mita 3,000 kichwa kinaweza kumgonga vibaya. Tumekubaliana mapema, tukiwa bado na akili zetu: anayeumwa kichwa anapumzika na kunywa maji, kichwa kikiambatana na kutapika au kuyumba, anashuka saa hiyo hiyo na mtu mmoja, hata kama kilele kinaonekana. Mpwa wangu ndiye aliyekubali haraka kuliko wote, na mimi anayenitia wasiwasi ni huyo huyo.

Kibali tunakichukua kwa watu wa Wakala wa Huduma za Misitu, malipo kwa namba ya malipo ya serikali kama mambo yote siku hizi, na mwongoza njia anatoka kwa wenyeji. Nimezungumza kwa simu na mzee mmoja Mbarbaigi ambaye mwanawe ndiye atakayetuongoza. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za mvua za Dodoma, za mifugo, za wazazi, ikawa dakika kadhaa ndipo tukafika kwenye mlima. Wabarbaigi wanauheshimu mlima ule tangu enzi, hawauchukulii kama kichuguu cha kupigia picha, na mzee aliniambia waziwazi kwamba anapenda kujua anampa mwanawe watu wa namna gani. Nilipomwambia hesabu ya lita saba alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Wewe umeshawahi kufika." Ni kweli, nilipanda zamani nikiwa kijana, na nakumbuka ule mgongo mrefu baada ya kambi, unapanda kilele, unakuta kilele kingine mbele, unakipanda, unakuta kingine. Ndio maana nimewaambia wenzangu wasiulize "bado?" asubuhi ile. Atakayeuliza anabeba taka za kambi mpaka chini.

Mazoezi tunafanya kwenye barabara ya kupanda UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, alfajiri, kila mtu na chupa zake mgongoni. Mlinzi mmoja wa getini ametuuliza kama tunauza maji. Mwalimu anatangulia, anazungumza njia nzima habari za Bonde la Ufa, pumzi haimwishii. Shemeji ameanza kupunguza vitu kwenye begi lake bila kuambiwa. Wiki iliyopita alitoa kompyuta mpakato, juzi ametoa deodoranti na viatu vya akiba, na nimeona jedwali lake sasa lina safu ya uzito ambayo mimi sikuiomba.

Jumapili hii ni siku ya kukagua chupa. Zote 33 zitajazwa uani kwangu, mfuniko ukionekana na mashaka utazungushiwa ile tepu nyeupe ya mabomba, kisha zitapinduliwa vichwa chini juu ya magazeti mpaka asubuhi. Chupa itakayolowesha gazeti haipandi. Mpwa wangu amepewa kazi ya kulala hapa na kuamka usiku kuziangalia, na ameshaniuliza kama hiyo nayo inalipwa.